Arki ya Ndizi Inasingiziwa

Ubishi wa barafu za ndizi hauishi Malindi, na wazazi wanaozipinga wana neno moja: kemikali. Barafu ni ya manjano, inanukia ndizi mbivu, na ndizi yenyewe haikupita hata karibu. Hapo sina ubishi. Anayemwambia mtoto "hii ya ndizi" ilhali ametia matone mawili ya arki anahadaa, na ile sukari ni kesi nyingine.

Lakini harufu inasingiziwa. Kinachonukia katika arki nyingi za ndizi ni isoamili asetati, kitu kilekile ambacho ndizi hukitengeneza ikiiva. Kiwandani huchemshwa alkoholi ya isoamili na asidi ya siki, pamoja na asidi ya salfa kidogo ya kuharakisha kazi. Ndizi ina manukato mengine mengi yanayoipoza harufu hiyo. Arki haina, ndiyo maana hunukia ndizi kuliko ndizi.

Tena si ndizi peke yake. Nyuki akichoma, mwiba wake hutoa isoamili asetati. Watafiti waliitambua mwaka 1962. Kwa nyuki hiyo ni mbiu ya mgambo: wenziwe wakiinusa huja kuchoma palepale, na moshi wa mrina asali husaidia kuifunika. Ndiyo sababu wafuga nyuki huonywa wasile ndizi kabla ya kwenda mzingani, na onyo hilo lawafaa pia wenye mizinga huku kwetu kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kila nikilifikiria hili hucheka. Nyuki hana kiwanda wala leseni, na ukimwekea ile ya chupa ataghadhibika vilevile. Sisi ndio tumeona ya chupa ni sumu na ya tunda ni baraka.

Mwenye haki ya kuiogopa ni seremala. Kiowevu hichohicho huyeyusha rangi na vanishi, na huko hakipimwi kwa matone. Mvuke wake huwasha macho na koo, huumiza kichwa, na huweza kushika moto ukikutana na cheche penye joto la nyuzi 25 hivi. Adhuhuri ya Malindi hupita hapo. Mlango wa karakana hufungwa vumbi lisiingie kwenye vanishi mbichi, fundi akabaki ndani na mvuke wake. Juu ya huyo sijasikia mtu akilalamika.