Rafu zilizofunikwa karatasi

Juma lililopita niliandika kwenye kundi letu la familia la WhatsApp kwamba shule ya binti yangu huku Florida imeondoa vitabu. Ami yangu, aliyenilea baada ya babangu kufariki, akajibu kutoka Mombasa: "Afadhali. Hata Wamarekani wameanza kuona. Watoto wahifadhiwe." Wengine wakaitikia. Sikumjibu pale pale, maana mzee hajibiwi mbele za watu. Lakini maneno yake yamenikaa kifuani, na najua wengi nyumbani wafikiri kama yeye, kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu, na kwa heshima zote anazostahili.

Binti yangu yuko darasa la saba. Siku ile alirudi akanambia rafu za darasani kwao zimefunikwa karatasi za kahawia kuanzia juu mpaka chini. Mwalimu aliwaambia wasiguse kitu mpaka vitabu vikaguliwe. Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani tumefanya nini?" Alidhani ni adhabu. Alikuwa amefika nusu ya kitabu cha msichana aliyefiwa na nyanya yake, na nusu iliyobaki ilikuwa nyuma ya karatasi.

Ami, utaratibu wenyewe uko hivi. Kwa sheria ya Florida iliyotiwa saini mwaka 2023, mzazi au mkaazi yeyote wa kaunti akilalamika kwamba kitabu fulani kinaeleza mambo ya ngono, shule yatakiwa ikiondoe ndani ya siku 5 za masomo, na ukaguzi ufuate baadaye. Hukumu yatangulia kesi. Mlalamishi si lazima awe na mtoto pale shuleni. Mwaka 2024 ilibidi sheria irekebishwe, asiye na mtoto awe na haki ya lalamiko moja tu kwa mwezi. Kaunti ya Escambia, upande wa Pensacola, ilitoa vitabu zaidi ya 1,600 ili vikaguliwe, na miongoni mwake zilikuwamo kamusi na ensaiklopidia. Kamusi! Wakuu wa elimu wa kule walijitetea kwamba havijapigwa marufuku, vinakaguliwa tu. Lakini kwa mtoto aliyesimama mbele ya rafu tupu, tofauti iko wapi? Shirika la PEN America, linalotetea uhuru wa waandishi, lilihesabu vitabu kuondolewa shuleni mara 10,046 nchi nzima katika mwaka wa masomo wa 2023–2024, na zaidi ya mara 4,500 zilikuwa hapa Florida.

Nakubaliana na wewe kwamba si kila kitabu ni cha kila umri. Mimi mwenyewe hukagua anachosoma binti yangu, na viko nilivyomwambia asubiri. Hiyo ni kazi yangu. Ninachokataa ni jirani nisiyemjua kuniamulia mimi, na kumuamulia mama wa Kihaiti anayekaa mlango wa pili, ambaye kazini ana zamu mbili. Kitabu cha binti yangu nilikipata maktaba ya umma, kwa kuwa nina gari na jioni zangu ni zangu. Yule mama hana nafasi hiyo. Maktaba ya shule ndiyo maktaba pekee ya wanawe. Wewe ulinifunza kuwa ukitaka kujua kama jambo ni la haki, mtazame anayeumia. Nami huyo mama ndiye ninayemtazama.

Jambo la pili lanitoka moyoni kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa. Sisi tumeshayaona haya. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa mji wetu wa miaka 22 hivi, aliandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?", akiuliza serikali ya chama cha KANU yaipeleka wapi nchi. Akakamatwa, akafungwa, na hakutoka mpaka 1972. Mashairi yake ya gerezani aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Wewe ndiye uliyenisomea mashairi hayo barazani, baada ya isha, nikiwa na umri huu wa binti yangu. Kulikuwa na maneno mazito mle, na uchungu wa mtu mzima ambao mtoto hangeuelewa wote. Hukuyafunika. Nilipokuuliza maana ulinieleza, na pale ulipoona bado mdogo ulinambia, "Hili utalifahamu ukikua."

Najua pia utanitajia dini. Basi mkumbuke Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa mji wetu. Alipoona mambo yanayomkera katika jamii yetu alishika kalamu, akatoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akabishana na watu kwa hoja mbele ya wasomaji wa Mombasa nzima. Mji uliomlea Muyaka, ambaye mashairi yake yalikuwa vita vya maneno vitupu, haukuzoea kunyamazishana.

Lakini sitaki mudhani huku ni giza tupu na nyumbani ni nuru. Huku kadi ya maktaba ya umma ni bure, na kitabu kisichokuwepo waweza kuagiziwa kutoka mji mwingine. Jimbo la Illinois lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuzinyima ruzuku ya serikali maktaba zinazoondoa vitabu kwa sababu za kichama au za itikadi. Maktaba ya umma ya Brooklyn, New York, tangu 2022 imekuwa ikiwapa vijana wa miaka 13 hadi 21 wa majimbo yote kadi ya bure ya kusomea kwenye intaneti. Na nyumbani? Tangu sheria ya VAT ya 2013 vitabu vyetu vimekuwa vikitozwa kodi ya asilimia 16. Hakuna aliyefunika rafu kwa karatasi, ila mtoto wa Likoni ambaye mamake anapima kati ya unga na kitabu naye pia amefungiwa mlango. Ningefurahi kama hasira tulizo nazo kuhusu vitabu "vibaya" tungezielekeza kwenye kodi hiyo.

Jumanne nilikwenda kwenye mkutano wa bodi ya elimu. Nilipewa dakika 3. Sauti ilinitetemeka, lakini niliwasimulia habari za kijana wa Mombasa na karatasi za chooni. Mama mmoja aliyekuja kuunga mkono kuondolewa kwa vitabu alinifuata nje akaniuliza kama mashairi hayo yamefasiriwa kwa Kiingereza. Tulisimama kwenye maegesho karibu nusu saa. Hatukukubaliana, lakini alinisikiliza, nami nilimsikiliza.

Uamuzi wa bodi bado. Rafu bado zimefunikwa. Ami, ukipita mjini nakuomba uniulizie nakala nyengine ya Sauti ya Dhiki kwa wale wauza vitabu wa zamani. Ile uliyonipa siku naondoka, binti yangu ameichukua chumbani kwake, na kila usiku aniita nimfasirie ubeti mmoja.