PSA 6.8, na hakuna aliyemuuliza swali hata moja

Saa nne kasoro usiku simu inaita. Mdogo wangu wa Tanga. Huyu hana kawaida ya kupiga usiku. Hutuma ujumbe wa sauti wa dakika saba kisha analala zake. Nikajua kuna msiba. Napokea, kimya, halafu: "Kaka, wanangu utanisaidia kuwasomesha?"

Ana miaka 37.

Jumamosi ile alikuwa amepita kwenye zoezi la kupima afya. Mnayajua mazoezi haya: mahema meupe, spika inakoroma, presha bure, sukari bure, tezi dume elfu ishirini. Akatoa mkono, wakavuta damu, jioni akaitwa kuchukua karatasi. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, 6.8. Pembeni herufi H, yaani iko juu, imekolezwa wino, chini yake maneno "kawaida: 0–4". Kijana aliyemkabidhi akamwambia, kwa sauti iliyofika hadi foleni ya sukari, "Braza, hii kansa hii. Wahi Ocean Road." Ndiyo hospitali ya saratani ya Dar es Salaam.

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa huduma ya ushauri nasaha.

Mimi si daktari. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka miwili nikimsindikiza baba mdogo, mpaka nikawa naulizwa na wagonjwa wengine chumba namba ngapi. Hapo ndipo nilipojifunza maswali yanayoulizwa kabla sindano haijagusa mkono. Nikayauliza usiku huo kwenye simu, nimechelewa siku nzima.

Mkojo unakuunguza? "Wiki ya pili sasa." Umetumia dawa? "Nilichukua vidonge duka la dawa, nikameza siku tatu, nikaona nafuu, nikaacha." Pale uwanjani ulifikaje? "Na baiskeli, sasa nifikeje?" Anakaa Pongwe, kazi yake iko mjini. Huyu ni mtu wa Tanga, baiskeli kwake ni miguu.

Swali la nne nilimeza mate kwanza. Mtu kumuuliza mdogo wake habari za chumbani, tena shemeji yangu huenda yuko pale pale kitandani anasikiliza, si jambo dogo. Nikasema, "Ijumaa usiku, wewe na mama watoto…" Kimya kirefu. "Kaka, na hilo nalo linaingiaje?"

Linaingia, bwana. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, kazi yake kulainisha shahawa. Kila mwanaume mwenye tezi anayo, mgonjwa na mzima. Kidogo huvujia kwenye damu, na tezi ikichokozwa huvujisha zaidi. UTI, yaani uambukizi wa njia ya mkojo, huichokoza. Uambukizi wa tezi ndiyo kabisa, unaweza kuipandisha hata kuliko saratani changa. Mpira wa mkojo huichokoza. Kumwaga shahawa, au kuendesha baiskeli kwa nguvu, ndani ya saa 48 kabla ya kipimo, kunaweza kuisogeza. Ndiyo maana Waingereza huambiwa waache vyote viwili siku mbili kabla, na aliyekuwa na UTI asubiri wiki 6. Mdogo wangu alifika kwenye hema lile amekusanya karibu kila sababu iliyopo, na hakuna aliyemuuliza hata moja. Walimuuliza jina, umri na kama ana chenji.

Kipimo hiki ni kama mlinzi wa usiku anayepuliza filimbi. Pengine kaona mwizi, pengine kaona paka. Kazi yako ni kuwasha taa utazame, wala usianze kugawa urithi.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko kijana wa H, maana kijana yule angalau nilitaka kumzaba kofi nikayamaliza. Ni hilo "0–4" lililopigwa chapa kwenye kila karatasi, kwa babu wa miaka 72 na kwa kijana wa 37, sawasawa. Nani kasema? Mstari wa 4 ulipata nguvu Marekani, na utafiti mkubwa uliousimamisha, wa mwaka 1994, ulikuwa wa wanaume 6,630 wenye miaka 50 na kuendelea. Hakuna wa miaka 37 mle ndani. Tezi inakua na umri, na PSA inapanda nayo. Mwanaume wa kati kabisa kwenye miaka ya arobaini ana kama 0.7 hivi. Mwaka mmoja kabla ya utafiti ule, wengine walishapendekeza mipaka ya umri: 2.5 kwa wa miaka 40 hadi 49, 3.5 kwa wa hamsini, 4.5 kwa wa sitini, 6.5 kwa wa sabini. Na hata hiyo ilitoka kwa wanaume 471 wa kaunti moja huko Minnesota, karibu wote wazungu. Ndiyo vipimo vyetu hivyo, Pongwe tunapimwa kwa rula ya Minnesota. Lakini angalau rula ile ina alama za umri. Hii ya kwenye mahema ina alama moja tu.

Na rula ya alama moja inaua upande wa pili, ambao hauna makelele. Kuna mwenzetu kazini, miaka 42. Alipima mwaka jana, PSA 3.4, karatasi ikasema kawaida, haina H wala nini. Akaja ofisini anatamba, akanunua soda watu wote. "Niko safi, wazee!" Tukanywa. Wiki kadhaa baadaye, katika mazungumzo mengine kabisa, ndipo akataja kwamba baba yake mzazi alifariki kwa tezi dume, hajafika hata miaka 60. Soda ikanirudi kooni. Kwa mtu wa miaka 42, 3.4 ni karibu mara tano ya wenzake wa rika. Mtu mweusi, baba aliondoka kwa ugonjwa huo huo akiwa bado kijana kijana, halafu namba hiyo, halafu anaambiwa nenda nyumbani? Nilimng'ang'ania mpaka akaenda kwa daktari wa njia ya mkojo. Kilichofuata ni chake, si changu kukiandika hapa. Ila soda hajanunua tena.

Kwa hiyo, karatasi moja imemtisha asiye na kitu na nyingine imembembeleza anayestahili kutazamwa. Zote mbili zina "0–4" chini.

Na ninyi mnaomeza finasteraidi kuzuia upara, semeni kabla ya kupima. Ukiitumia miezi kadhaa inaishusha PSA karibu nusu, kwa hiyo 2 yako huenda ni 4 iliyovaa kofia.

Haya, najua mtakachosema. Kwamba bora wapime kuliko kutopima. Kwamba wanaume wetu wanafika hospitali mgongo umeshaanza kuuma, yaani ugonjwa umeshaingia mifupani. Najua. Baba mdogo alifika hivyo hivyo, alidhani ni mgongo wa kubeba magunia ya saruji, akakandwa na mafuta ya nazi miezi minane. Laiti angekutana na hema kama lile miaka mitano kabla, leo nisingekuwa na hadithi ya mabenchi. Utafiti mkubwa wa Ulaya nao, kwenye matokeo yake ya mwaka 2009, ulionyesha kupima kwa PSA kulipunguza vifo vya saratani hii kwa kama asilimia 20, kwa wanaume wa miaka 55 hadi 69. Nimekubali. Soma tena umri wao.

Na hao hao waliotuletea kipimo wamekizozania miaka na miaka. Marekani ilikiidhinisha kwa uchunguzi mwaka 1994. Mwaka 2012 jopo lao la wataalamu likasema asipimwe mtu asiye na dalili. Mwaka 2018 wakalegeza, wa 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuzungumza na daktari. Baada ya kuzungumza! Richard Ablin, aliyeigundua antijeni ya tezi dume mwaka 1970, aliandika kwenye New York Times mwaka 2010 akilaani jinsi kipimo kilivyogeuzwa biashara. Sisi tumekipokea baada ya mzozo wote huo, tukachukua sindano na bei, mazungumzo tukayaacha bandarini.

Nadhani najua kwa nini. Tumekicheka kidole mno, kile kipimo cha daktari kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Mizaha ya kidole imejaa vijiweni na kwenye simu zetu, mpaka tangazo la "siku hizi ni damu tu" likawa ukombozi wa taifa. Mwanaume anakimbilia damu kwa sababu damu haimuulizi kitu wala haimvui suruali. Kumbe maswali ndiyo yalikuwa nusu ya kipimo.

Mdogo wangu hakwenda Ocean Road. Nilimtafutia daktari, mkojo wake ukaoteshwa maabara kutafuta vijidudu, vikaonekana, akapewa dawa za wiki nne na onyo la kuzimaliza. Wiki ya nane akarudia PSA. Siku mbili kabla alipanda daladala, na shemeji namshukuru kwa uvumilivu wake. Ikatoka 1.1. Daktari hakusema "uko safi". Alisema imeshuka inavyotakiwa, ila kwa umri wake haiko chini kabisa, na baba mdogo yumo kwenye hesabu ingawa angekuwa baba mzazi au kaka ingekuwa nzito zaidi. Arudie baada ya mwaka, maabara ile ile, baiskeli nyumbani. Dakika ishirini za maongezi. Nilitamani kumbusu.

Nikaandika kwenye kundi la familia: imeshuka, ilikuwa uambukizi. Mama akajibu kwa sauti, anacheka kwa furaha. Anamshukuru Mungu, na majani ya mstafeli aliyokuwa akimchemshia kila asubuhi tangu siku ile ya karatasi. Jambo ambalo mdogo wangu hakuwahi kunitajia. Sasa amemwahidi jirani yake, ambaye mumewe anashindwa kukojoa, fungu zima la majani.

Nimemtumia mama nauli ya huyo jirani kwenda hospitali. Ameipokea, amesema atawapa pamoja na majani.