Kabla ya kutangaza spishi mpya ya mjusi, nenda katikati

Mijusi wengi hawaendi mbali na walipozaliwa. Ndiyo maana umbali ukizidi, jeni nazo huzidi kutofautiana, hata kama wote ni spishi moja. Ukikusanya sampuli kaskazini na kusini tu, programu ya kuchambua jeni itakuchorea makundi mawili safi, na mpaka kati yao utakuwa umeuweka wewe kwa kuliruka eneo la katikati. Fedha zikitosha safari moja tu ya nyongeza, iende huko. Huko ndiko machotara hupatikana au hukosekana. Jeni zikibadilika ghafla ndani ya kilomita chache, na hakuna mto wala jabali linalowazuia mijusi kukutana, hoja ya spishi mbili ina nguvu. Zikibadilika polepole njia nzima, sioni sababu ya jina la pili.

DNA ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, isiamue peke yake. Hurithiwa kwa mama, na uchotara kidogo wa zamani waweza kuivusha hadi spishi nyingine ikakaa huko. Soma pia DNA ya kiini cha seli, maelfu ya vipande. Hata hapo, watafiti Sukumaran na Knowles walionyesha mwaka 2017 kwamba modeli inayotumika sana kutenganisha spishi kwa jeni huweza kuhesabu migawanyiko ya ndani ya spishi kuwa spishi. Kipimo cha gdi, kinachoonyesha makundi mawili yameachana kijeni kiasi gani, husaidia: chini ya 0.2 ni spishi moja, juu ya 0.7 ni mbili. Kati ya hapo hakuna hukumu. Anayeitoa anabahatisha kwa desimali.

Vipimo vya mwili navyo vina mitego. Mkia hukatika na kuota upya, kwa hiyo pima kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja. Madume na majike wachambuliwe mbalimbali. Magamba yahesabiwe na mtu mmoja asiyejua kielelezo, yaani mjusi aliyehifadhiwa, kimetoka wapi. Piga picha mjusi akiwa hai, maana rangi hupotea kwenye spiriti, na kipande cha ini kiingie kwenye ethanoli ya 95% kabla ya fomalini, ambayo huharibu DNA.

Jina? Pekua ya kale kwanza. Vinyonga wa Usambara walipotenganishwa na spishi ya kinyonga Kinyongia fischeri mwaka 2008, majina yalikuwepo tayari: matschiei tangu 1895, multituberculata na vosseleri tangu 1913. Kielelezo ambacho jina la zamani lilitolewa kwacho kikiwa kilitoka kwenye kundi lako, jina lako jipya ni kisawe tu, jina la ziada la spishi ileile, tangu siku linapochapishwa.