Kutoka Uwanjani kwa Miguu: Sumburgh na Manda

Huu ni mwaka wangu wa tisa Aberdeen, Uskoti, na kila nikiwaandikia ninyi wa nyumbani Lamu jambo kuhusu huku huwa najua mapema nani atanijibu na atanijibu nini. Hili hata hivyo nimeshindwa kulinyamazia. Mwezi Juni kazi ilinipeleka visiwa vya Shetland, mwendo wa kama saa moja kwa ndege, nikashuka Sumburgh, uwanja mdogo ulioko ncha ya kusini kabisa ya kisiwa kikubwa. Begi langu lilichelewa, na nilipotoka nje nikaliona basi la kwenda Lerwick, mji mkuu wa visiwa hivyo, likiishia kwenye kona. Ratiba iliyobandikwa kituoni, hatua chache tu kutoka mlangoni, ilinionyesha kwamba lifuatalo lilikuwa zaidi ya saa mbili mbele. Nilikasirika. Nikarudi ndani kumuuliza mama mmoja aliyekuwa dawatini kama kuna usafiri mwingine, naye akaniambia kwa utulivu kwamba badala ya kukaa kwenye kiti nikitazama saa, ni heri nitembee mpaka Jarlshof, kwani si mbali na njia haipotezi.

Nikatembea, na haikunichukua hata nusu saa. Upande wa bahari, karibu na mwisho wa njia ya kurukia ndege, kuna magofu ya makazi ambayo watu waliishi, wakaacha, wakarudi na kujenga tena kwa zaidi ya miaka 4,000. Yalikuwa yamefukiwa na mchanga hadi dhoruba za mwishoni mwa karne ya 19 zilipoula ufuo na kuzifichua kuta. Zipo nyumba za mviringo ambazo vyumba vyake vimepangwa kuzunguka jiko la katikati kama njiti za gurudumu, zote za mawe makavu yaliyopangwa bila chokaa. Zipo nyumba ndefu za watu waliovuka bahari kutoka Norwe. Na juu ya yote hayo limesimama gofu la nyumba ya kabaila wa mwanzoni mwa karne ya 17. Ndani ya chumba kimoja nililikuta jiwe la kusagia nafaka, limechimbika katikati kwa kusuguliwa na mikono ya watu nisiowajua, na nikalijua mara moja, kwa sababu nimekua nikimwona bibi yangu akikalia kijaa uani. Nilichuchumaa nikaliwekea kiganja. Wakati huohuo ndege ikapaa, ikapita juu yangu, na mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake hakuinua hata uso.

Baadaye, nilipolipata basi la nambari 6, niliona jambo jingine lililonifurahisha kama mtoto. Barabara ya kwenda Lerwick inakatiza njia yenyewe ya kurukia ndege, kwa hiyo ndege ikitua au ikipaa vizuizi hushushwa, na magari yote, pamoja na basi letu, husimama kuingoja kama sisi tunavyongoja punda wapite.

Nikiwa ndani ya basi hilo ndipo Manda iliponijia, na kwa kweli tangu siku hiyo haijaniondoka. Nyote mnaijua Manda, kisiwa kinachotazamana na Lamu, ulipo uwanja wetu wa ndege. Ndege inatua, mizigo inavutwa kwa mkokoteni, mnateremka gatini, mnaingia botini, mnavuka, na macho yote yako Lamu. Nimepita pale si chini ya mara 20 tangu nianze safari hizi, na hata mara moja sijageuza uso kuutazama upande wa pili wa kisiwa. Na upande wa pili wa kisiwa kilekile, katika ardhi ileile tunayoikanyaga tukishuka ndegeni, kuna Takwa, magofu ya mji wa kale.

Takwa nimefika mara moja tu, nikiwa na miaka tisa, na aliyenipeleka ni babu yangu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu. Tulikwenda kwa mashua, maji yakiwa yamejaa, kwa maana yakitoka mkondo ule wa kati ya mikoko haupitiki na utakwama matopeni hadi yarudi. Nakumbuka nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla wa msikiti wa Ijumaa, nikauliza imewekwa ya nini, na babu akaniwekea mkono kichwani akasema niinamishe sauti. Aliniambia kwamba waliokaa pale ni wazee wetu, kwamba waliuhama mji ule wakaja Shela, na kwamba ndiyo maana watu wa Shela hurudi mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Mji ule ulikuwa na watu hadi karne ya 17, yaani kabaila wa Sumburgh alipokuwa akijengewa nyumba yake ya mawe, wazee wetu nao walikuwa wakiadhiniwa Takwa, ndani ya kuta za matumbawe na chokaa ambazo, nasema bila haya, zinapendeza kuliko zake.

Sasa najua mtakayosema. Mtasema nimekuwa Mzungu, kwamba mtu akikaa na baridi miaka tisa huanza kuona kwao hakuna maana. Lakini mtu anayedharau kwao hakai macho usiku akijaribu kukumbuka nguzo ya msikiti ilikuwa na urefu gani. Kinachoniuma ni kwamba ninaweza kuwapangia vyumba vya Jarlshof kimoja baada ya kingine, baada ya saa mbili za kungojea basi, na siwezi kuwapangia vya Takwa.

Wengine watanikumbusha mafuta: kwamba Shetland ni watu kama 23,000 walioneemeka na mafuta ya Bahari ya Kaskazini tangu miaka ya 1970, na uwanja ule ulikua kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Ni kweli, na sikatai. Lakini kilichonifikisha Jarlshof hakikuwa mafuta. Kilikuwa ni ratiba iliyobandikwa kituoni, njia ya kutembea, na mama aliyejua kilichoko nje ya mlango wake na akaona fahari kukitaja. Tukiwa na gati, boti na manahodha wanaoujua mkondo ule hata gizani, hakuna katika yale matatu ya Sumburgh lililotushinda kwa sababu ya pesa.

Na yuko atakayesema usalama. Ndugu yangu, hilo usinifundishe. Mwaka 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa, nilikuwa nyumbani, na Januari 2020, iliposhambuliwa kambi ya jeshi ya Manda, nilikuwa huku nikipiga simu moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Nayajua mashamba ya Manda pia, na hati zake, na jinsi watu wasivyopenda kuonekana wakitembea penye mipaka inayobishaniwa. Sisemi kila abiria ashuke ajiendee porini peke yake. Ila hofu haielezi kwa nini binamu yangu mwenye boti, nilipomuuliza likizo iliyopita atanitoza kiasi gani kunipeleka Takwa moja kwa moja kutoka uwanjani, alinitazama kwa mshangao akaniambia yale ni mawe tu, ya watalii, na mama anatungoja na chakula. Nami nikakubali. Nikaingia botini nikavuka kama kawaida, na lawama hiyo ni yangu nusu kwa nusu na yake.

Jambo la kunyanyua kichwa ni kwamba sikuona popote Uskoti uwanja unaompokea mtu kwa bahari kama Manda, unatoka ndegeni na kabla hujakauka jasho umekwisha kurushiwa maji ya chumvi usoni na nahodha anayemjua mjomba wako. Ningependa mgeni wa Sumburgh aone hilo. Ningependa pia aulize upande wa pili wa kisiwa kuna nini, na mmoja wetu amjibu.

Nilimpigia mama simu jioni ile kutoka Lerwick nikamsimulia yote, jiwe la kusagia na vyumba vya mviringo na ndege iliyopita juu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama watu wa pale huenda kuwaombea wazee wao waliokaa kwenye nyumba zile. Nikamwambia nilichokiona ni majani yaliyokatwa vizuri na wageni wenye kamera. Akanyamaza kidogo, akasema mwaka huu watu wa Shela wamekwenda Takwa na mvua ilinyesha. Nimekata tikiti ya Desemba, na nimemwomba binamu aniangalizie ile wiki ya bamvua maji yatajaa saa ngapi.