Ngome Iliyokataa Kutoka

Fort Jesus, ambayo sisi wa Mji wa Kale, Mombasa, twaiita Ngomeni tu, nimeipima kwa miguu yangu mara nne. Nimelipa kiingilio, nimetembea juu ya ukuta jua la saa saba likinipiga utosini, nimehesabu hatua kutoka pembe yake iliyochomoza, buruji ya San Felipe, hadi ya San Alberto, mpaka mlinzi mmoja akaanza kunifuata kwa mbali akidhani natafuta pa kujirusha. Hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia vipimo vya lango lake. Mlango ambao sikuupima ni wa chumba changu.

Mambo yalianza barazani. Vijana wa mtaa wetu hapa Kibokoni walitaka kitu cha kuweka nje siku za Idi, kila mpita njia akione bila kutoa senti. Mmoja akasema tuchore ukutani. Mwengine akataka jahazi. Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu, na maishani sijajenga hata banda la kuku, lakini nikausikia mdomo wangu ukisema: "Tuijenge Ngomeni kwa vitofali vya Lego." Wakanyamaza kidogo, kisha wakakubali wote kwa pamoja. Watu wakikubali haraka namna ile, jua kazi imebaki kwako peke yako.

Vitofali hivyo vya plastiki vya kuchezea watoto, nusu nilivikopa kwa mwana wa kakangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye babake ni baharia na kila safari humletea boksi. Alinikopesha kama benki. "Ami, gundi usitie," akaniambia. "Nataka vyangu virudi vyote." Nusu ya pili niliipata sokoni Kongowea kwa wauza mitumba, gunia zima, vimechanganyika na mikono ya wanasesere na soksi moja. Hivyo vya gunia vingi si vya asili. Cha asili ukikibonyeza hulia tak, na kukibandua wataka kucha. Cha kuiga hukaa juu ya mwenzake kama mgeni aliyegoma kuvua viatu: muda wowote aondoka.

Nasikia kule Billund, Denmark, kwenye bustani ya Legoland iliyofunguliwa mwaka 1968, wamejenga majumba ya miji mizima kwa vitofali hivi, nayo yasimama mvua na jua. Lakini wale watia gundi. Wale hawana mkopo wa mtoto.

Ngomeni yenyewe Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu yafanana na mtu aliyelala chali, kichwa, mikono na miguu. Ukuta wake umeinama kidogo kwa ndani kadiri unavyopanda. Hapo ndipo nilipoteseka. Kitofali hakijui kuinama. Wanahisabati wamehesabu kwamba vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vyaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mimi nilikuwa na maelfu, na nilichopata kila usiku ni ngazi. Mwisho nikaikubali ngazi. Rangi ya manjano na ya udongo nikaiweka nje, na ile buluu, kijani na waridi nikaificha ndani, ambako kwa kweli nilikuwa nimejenga ukumbi wa harusi.

Wiki sita. Nafunga duka, nala, napanda chumbani, nakaa sakafuni. Kufikia usiku wa kuamkia Idi ilikuwa imekamilika juu ya ubao wa plaiwudi wa futi tano kwa nne, na mizinga yake ya kofia za kalamu niliyoifunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikaita vijana wanne waje kuibeba.

Shangazi alikuwa mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Akautazama ubao, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hii yatokaje?"

"Kwa mlango, shangazi. Si ndipo ubao ulipoingilia?"

"Uliingia umesimama ubavu."

Nikanyamaza. Mlango wangu haufiki hata futi tatu. Ubao mtupu waulaza ubavu, wapita. Ngome isiyo na gundi uilaze ubavu, nusu yake itakuwa ya asili na itabaki, na nusu itarudi Kongowea.

Waomani waliizingira Ngomeni kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, wakitafuta njia ya kuingia. Sisi tulikuwa ndani tukitafuta njia ya kutoka. Tuling'oa mlango, tukapata inchi mbili. Tukang'oa miimo, tukapata vumbi. Tukajaribu kuitanguliza miguu, shangazi akapiga kelele kwamba kwake hatoki mtu kama maiti siku ya Idi, tuigeuze itangulie kichwa. Tukaigeuza. Kichwa nacho hakikupita, ila shangazi angalau aliridhika.

Basi ikabaki roshani. Dirisha la mbele ni la zamani, pana, na vibao vyake vyatoka kwa bisibisi. Chini, katika kichochoro, mwenye mkokoteni alikwishakuja na ameanza kudai pesa ya kungoja. Tukafunga kamba pembe nne za ubao, kila kijana na pembe yake, mimi nikashuka chini kuwa kapteni.

Na ilishuka! Nataka hilo lijulikane. Ilishuka taratibu, sawasawa, mpaka watu waliokuwa wakitoka kuswali wakasimama kuangalia, na mzee mmoja akasema "Mashaallah" kwa sauti ya mtu aliyeguswa kweli. Ilifika usawa wa kichwa changu na futi nyengine kama tatu. Niliuona mzinga wa buruji ya San Mateus uking'aa kwa jua.

Si mimi peke yangu niliyeuona. Kunguru wa Mombasa wawajua. Akaja mmoja, akatua juu ya buruji kama mwenye nyumba, akaushika mzinga kwa mdomo na kuanza kuuvuta.

Kijana wa pembe ya kushoto, Mungu amjaalie, ni mwepesi na ana huruma. Aliona kazi yangu ya wiki sita yaharibiwa. Akafanya alichofanya kila mtu wa pwani tangu kunguru walipoingia mjini: akanyanyua mikono yote miwili, akapiga makofi, akapaza sauti, "Shuu!"

Mikono yote miwili.

Kunguru aliondoka na mzinga. Ngome ilishuka kwa pembe moja kwanza, kisha yote, na mlio wake sikuutarajia: haukuwa kishindo, ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Vitofali vilimiminika juu ya mkokoteni, juu ya kanzu nyeupe za Idi, ndani ya mtaro, na kwenye meza ya mama muuza viazi karai aliyekuwa akitayarisha biashara ya jioni. Alhamdulillahi moto hakuwa ameuwasha bado. Bakuli la ukwaju lakini lilikuwa wazi.

Watoto walivamia wakapiga kelele, "Mawe ya Ngomeni!" Mwana wa kakangu hakupiga kelele. Alipiga magoti na kuanza kuhesabu.

Tulichopeleka barazani ni ubao na buruji moja iliyosalia, San Alberto, na nyuma yake rundo. Ukumbi wangu wa harusi ulikuwa wazi kwa umma. Alasiri wakapita watalii wawili na kijana wa kuwatembeza, wakauliza hiki ni nini. Kijana hakupepesa jicho. "Hii ni Fort Jesus," akasema. "Disemba 1698." Wakapiga picha kumi na mbili.

Deni langu kwa mwana wa kakangu lilikuwa vitofali mia mbili na tatu. Nimelilipa kidogo kidogo, kwa vilivyookotwa na kwa kioo cha tableti nilichomtengenezea bure. Wiki iliyopita nilikwenda kununua viazi. Yule mama akanifungia, akatia ukwaju, kisha akapekua leso yake na kunipa kitu kidogo cha waridi, kinanata.

"Dirisha lako hili," akasema. "Kuna mteja alilitafuna."

Nikampelekea mwenyewe. Amelikataa. Asema lake halikuwa na alama za meno.