Usinihesabie Nchi, Nihesabie Saa

Juzi mpwa wangu alinionyesha tangazo kwenye simu yake. Meli nyeupe, bahari ya buluu, na juu yake maandishi makubwa kuliko meli yenyewe: nchi zaidi ya 60, mabara yote 7, safari moja. Akaniuliza, "Mjomba, wewe uliyefanya kazi kwenye hizi meli, ulifika nchi ngapi?"

Nilifungua mdomo nikajikuta sina jibu. Si kwamba nimesahau. Pasipoti yangu imejaa mihuri, na kitabu changu cha ubaharia kimejaa zaidi. Nilikwama kwenye hilo neno "kufika". Kadiri nilivyolifikiria ndivyo hasira ilivyonipanda, na mpaka usiku ilikuwa haijashuka, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa mhudumu wa kabini kwa mikataba mitatu, na katika miwili kati yake meli yetu iliizunguka dunia. Kampuni sitaitaja, kwa sababu ninalolisema halihusu kampuni moja. Ni biashara nzima inayouza safari hizi kwa kuhesabu nchi, na mimi nasema hesabu hiyo inawapunja watu wote: abiria aliyeweka akiba miaka mingi, mwenyeji wa bandari, na baharia anayekunja shuka.

Meli ya Laconia, inayotajwa kuwa ya kwanza kuizunguka dunia kwa safari moja ya kitalii, iling'oa nanga New York mwezi Novemba 1922. Ilitumia siku 130 na kupita bandari 22. Gawa mwenyewe: karibu siku sita kwa kila bandari, ukiziingiza na za baharini. Mwaka 2019 meli nyingine iliondoka London kwa safari ya siku 245 iliyopangiwa bandari 111. Hapo ni siku mbili na kidogo. Ile iliyotoka Miami Desemba 2023 ilipangiwa usiku 274 na nchi zaidi ya 60, na magazeti yaliyoiandika yalianza na namba hizo hizo. Sisemi zamani ilikuwa pepo. Waliosafiri na Laconia walikuwa matajiri wachache mno. Lakini wasafiri wa zama zile waliweza kuteremka Bombay, wakapanda treni wakaivuka India, na kuipata meli yao mbele ya safari. Leo hilo lipo pia, ila linauzwa pembeni, ghali, kwa wachache.

Ngoja niwaeleze siku ya bandarini ilivyo, maana tangazo haliielezi.

Alfajiri rubani wa bandari anapanda, matishari yanaisukuma meli gatini. Maafisa wa afya na uhamiaji wanaingia. Mambo yakienda vizuri, saa mbili asubuhi ngazi inashushwa. Watu elfu na zaidi wanataka kuteremka kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna foleni, kisha kuna mabasi. Halafu abiria anagundua kwamba mji aliouziwa haupo hapo. Ratiba imeandika Bangkok, meli imefunga Laem Chabang, na barabara ni saa mbili ikiwa hakuna msongamano. Imeandikwa Paris, umefika Le Havre, kilomita kama 200 kutoka Paris. Imeandikwa Roma, uko Civitavecchia. Imeandikwa Luxor, unateremka Safaga na kuvuka jangwa zaidi ya saa tatu kwenda, na hizo hizo kurudi. Wote wanatakiwa wawe ndani nusu saa kabla ya kuondoka, na kuondoka mara nyingi ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Toa foleni, toa barabara, toa ile saa moja ya wasiwasi ambayo kila mtu anajiwekea ili asiachwe. Kinachobaki ndicho kinachoitwa kufika nchi.

Na kuachwa si hadithi. Machi 2024 abiria wanane waliachwa São Tomé kwa sababu matembezi yao ya kujipangia yalichelewa kurudi. Waliikimbiza meli nchi kwa nchi hadi wakaikamata Dakar. Watu wengi waliwacheka mtandaoni. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba hao ni watu waliothubutu kutoka nje ya basi la meli, wakaadhibiwa na saa.

Katika sehemu yangu kulikuwa na mzee mmoja mstaafu. Kuta za kabini ni za chuma, kwa hiyo alibandika ramani ya dunia kwa sumaku, na kwa kila bandari aliweka sumaku ndogo nyekundu. Kila asubuhi nilikuwa naifuta vumbi ile ramani taratibu, nisiziteleze. Tulipofika Rapa Nui, kile kisiwa cha sanamu kubwa za mawe katika Pasifiki, mawimbi yalikuwa makubwa. Pale hakuna gati la meli kubwa. Watu hupelekwa pwani kwa boti, na bahari ikichafuka boti hazishushwi. Nahodha alisubiri, akakizunguka kisiwa pole pole ili watu wapige picha, kisha tukaondoka. Jioni nilipoingia kutandika kitanda, mzee alikuwa amesimama mbele ya ramani, sumaku mkononi. Akaniuliza, "Unaonaje, ni haki kuiweka?" Nikamwambia aiweke tu. Aliiweka. Halafu akakaa kitandani, akavua miwani, akasema alikuwa amesubiri kuziona zile sanamu tangu akiwa mtoto wa shule. Ratiba yetu ilipochapishwa mwishoni mwa safari, Rapa Nui ilihesabiwa.

Sasa niwape picha nyingine. Palikuwa na mama mjane, magoti yanamsumbua, ambaye bandari nyingi hakuteremka kabisa. Hakuwa mgonjwa. Aliogopa kuharakishwa. Hong Kong tulilala usiku mmoja, meli imefunga Tsim Sha Tsui, hatua chache tu kutoka kwenye vivuko vya Star Ferry. Siku ya kwanza alikaa sitahani akaviangalia vikienda na kurudi. Siku ile ile jioni, alipojua hakuna anayemfukuza, akashika fimbo yake akateremka. Alirudi saa tano usiku. Nilimkuta ujiani akiwa na viatu mkononi, nywele zimetimuliwa na upepo, akanishika mkono kama mtu wa nyumbani kwake. Alikuwa amevuka na kurudi, hata mara ngapi hakukumbuka. Alichotaka kunieleza ni mabenchi: kwamba vile vivuko vina mabenchi ya mbao ambayo egemeo lake unalisukuma likageukia upande wa pili, ili siku zote ukae unatazama unakokwenda. Kijana mmoja alimwonyesha namna ya kuligeuza, na kila safari akawa analigeuza mwenyewe. Mpaka tunamaliza mzunguko hakuacha kuyasimulia yale mabenchi. Bandari ambazo alizitazama kwa mbali hakuzisimulia hata moja.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigania. Usiku mmoja zaidi. Kata nusu ya bandari, zilizobaki meli ilale usiku mbili, tatu.

Kwa nini hawafanyi hivyo? Watakuambia ada za bandari, na ni kweli zipo. Ila kuna jambo ambalo kila aliyefanya kazi humo analijua: meli ikiwa gatini, sehemu ya kamari hufungwa, na maduka yasiyotozwa ushuru hufungwa. Ikishatoka nje ya maji ya nchi, taa zinawashwa. Abiria aliye mjini usiku ni abiria asiyetoa pesa melini. Kwa hiyo inang'olewa nanga jioni, meli inasafiri usiku, asubuhi kuna bendera nyingine na namba imeongezeka. Mteja anadhani amepewa zaidi.

Mji nao unapata nini? Watu wamekwisha kulipia chakula cha mchana na cha usiku ndani ya meli. Wanateremka kundi moja, wanajaza mtaa mmoja, wananunua kitu kidogo, wanarudi kula melini. Hakuna anayelala hotelini, hakuna anayekaa mkahawani mpaka usiku. Venice ilizifungia meli kubwa mfereji wa Giudecca kuanzia Agosti 2021, Dubrovnik ya Kroatia ikajiwekea ukomo wa meli mbili kwa siku. Wanaosema wenyeji wa huko wana roho mbaya hawajawahi kusimama kichochoroni meli tatu zikiwa zimemwaga watu. Moshi wa meli ni suala zito pia, lakini leo siliingii.

Nirudi kwetu sisi wa chini, maana hapa ndipo panaponiuma.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia wa mwaka 2006 unataka baharia apate mapumziko ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Ni sheria nzuri na watu waliipigania. Lakini zile saa 10 zinaruhusiwa kukatwa vipande viwili. Kwa mhudumu wa kabini maana yake unafanya kazi asubuhi, unapata nafasi mchana, unarudi zamu ya jioni. Nafasi yako ya kuiona dunia ni kile kipande cha mchana. Na si kila mara: katika kila bandari sehemu ya mabaharia lazima ibaki ndani kwa ajili ya usalama, kwa zamu. Zamu yako ikiangukia Sydney, Sydney utaiona kwa kioo, kama una kioo. Kabini yangu ilikuwa chini ya usawa wa maji.

Ukipata zile saa mbili tatu, unakwenda wapi? Wengi wetu tuliishia kwenye klabu ya mabaharia karibu na geti la bandari, kwa sababu kule kuna intaneti ya bure na mtu anataka kuisikia sauti ya mwanawe. Nimekaa kwenye klabu kama hizo mabara manne. Viti vinafanana.

Valparaíso, bandari ya Chile, niliitazama kutoka sitahani mkataba wa kwanza. Vilima vimejaa nyumba za rangi, na zile lifti za zamani zinazopanda mlima kwa reli, kibanda kimoja kinapanda kingine kinashuka. Mkataba wa pili tulifika, nikawa zamu ya kubaki. Mkataba wa tatu nikapata saa tatu. Nilikimbia, kweli nilikimbia na viatu vya kazi, nikapanda lifti moja. Mbao zinalia, kibanda kinatetemeka, mama mmoja ameshika mfuko wa mikate, ananitazama ninavyotweta. Juu nilikaa kwenye kiukuta, nikaiona meli yetu chini. Ilikuwa ndogo. Nilikaa dakika ishirini nikitazama saa kila dakika mbili, nikashuka. Kama meli ingelala pale usiku mmoja tu, nusu yetu tungekula chakula cha jioni juu ya kile kilima.

Najua jibu nitakalopewa. Wapo wazee, wapo watu wa kiti cha magurudumu, ambao bila meli wasingetoka kabisa, wanaofungua sanduku mara moja na kuamka kila siku mahali pengine. Nakubali. Nimewasukuma wengine kwa mikono yangu na nimeiona furaha yao. Lakini hao hao ndio wanaoumizwa zaidi na haraka. Yule mama wa Hong Kong alikuwa mmoja wao.

Tena bahari yenyewe hawaiuzi. Mwaka 2024, Bahari Nyekundu ilipokuwa hatari kwa sababu ya mashambulizi, safari nyingi za mzunguko ziligeuzwa kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Safaga ikafutwa, Aqaba ya Jordan, na Petra yake, ule mji wa kale wa mwambani, ikafutwa, watu wakalia kwamba nchi zimepungua. Nawaelewa, walilipia. Ila walichopewa badala yake kilikuwa siku nyingi mfululizo za bahari tupu, na kwangu mimi hizo ndizo siku pekee ambazo mtu melini anaisikia dunia kwamba ni kubwa. Saa inarudishwa nyuma usiku mmoja baada ya mwingine. Samaki warukao unawaokota sitahani asubuhi. Ukivuka Pasifiki kuelekea magharibi, unalala Jumatatu unaamka Jumatano. Mabaharia 18 waliorudi Hispania mwaka 1522 na Victoria, meli ya kwanza kuizunguka dunia, baada ya miaka mitatu, walipopita Cabo Verde waliambiwa leo ni Alhamisi wakati daftari lao lilisema Jumatano, na hawakuwa wamekosea kuhesabu: siku moja iliwapotea kwa kuizunguka dunia kuelekea magharibi. Kwa ndege huwezi kukihisi kitu kama hicho taratibu, usiku kwa usiku. Weka hicho kwenye tangazo.

Mpwa wangu alikuwa bado anasubiri. Nikamwambia achukue karatasi, nitamjibu kwa saa. Valparaíso, saa tatu. Hong Kong, saa sita, kwa sababu mwenzangu alinishikia zamu na sijasahau wema wake. Lisbon, saa mbili, moja nikiwa kwenye simu. Cape Town, saa nne, upepo mkali, lifti ya kamba ya kupanda Table Mountain imefungwa. Akaandika zote. Sydney aliiandika mwenyewe kabla sijasema, nikamwambia afute. Akaniuliza Rapa Nui je, maana ameiona kwenye picha zangu. Nikamwambia hiyo nayo asiiandike.