Zima spika tutembee

Aki nyinyi watu wa kuweka simu loudspeaker mkitembea mnakera! Jana tumetoka Ahero na beshte yangu tukifuata mfereji wa mashamba ya mpunga, ule maji yake huvutwa na pampu kutoka mto Nyando, njia ni nyembamba, udongo mweusi umeganda kwa viatu, na yeye ameshika simu mbele ya mdomo kama mandazi anabishana na shemeji yake mambo ya chama. Boda imebeba gunia inapiga honi nyuma, hasikii, mimi ndio namvuta kando karibu tuingie majini. Hadi watoto wa kufukuza ndege walinyamaza wamsikilize. Namwonyesha yangeyange, wale ndege weupe, wamejaa pale, ananiinulia kidole eti ngoja. Ningoje mpaka Kisumu ama?